Spana Mkononi: Pikapu Kuukuu na Mafundi wa Kando ya Barabara

Dereva anayepanda Kitonga, Iringa, au anayeparamia mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, akikuta tawi bichi limelazwa barabarani hasubiri kuelezwa. Anapunguza mwendo. Baada ya tawi la kwanza huja la pili, kisha jiwe, na mbele ya jiwe kuna pikapu iliyosimama, boneti juu, miguu ya mtu imechomoza uvunguni. Sheria inataka pembetatu nyekundu zinazoakisi mwanga, na wengi wanazo, za kumwonyesha trafiki. Tawi lakini halinunuliwi, haliibwi, na linasomeka kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Kasoro yake ni moja tu: gari likishapona, wenyewe huondoka mbio na kuyaacha mawe palepale, yamsubiri dereva wa usiku.

Watanzania wana jina la chombo cha aina hiyo: gari la spana mkononi. Jina jingine ni mkweche. Yote mawili yana kejeli ndani yake, na kejeli hiyo haina shukrani, kwa kuwa kwa miaka mingi mikweche ndiyo iliyofikisha maziwa kiwandani, samaki sokoni na wagonjwa hospitalini. Kuharibika kwake njiani kulizaa kazi, na kazi hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Historia yenyewe inaweza kuanzia kwenye neno moja. Kenya, msaidizi wa dereva wa lori huitwa turniboi. Tanzania ni utingo. Wanaosimulia asili ya turniboi hulirudisha kwenye hendeli, ule mpini wa chuma uliochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa nguvu za mikono hadi injini iitike. Huko Marekani, Cadillac ilitoka na stata ya umeme mwaka 1912, kazi ya mhandisi Charles Kettering, lakini katika barabara za Afrika Mashariki hendeli iliendelea kufanya kazi kwa miongo kadhaa baadaye. Betri zilikufa, stata ziliungua, hendeli ilibaki. Kijana aliyeizungusha alifundishwa jambo la kwanza kabla ya yote: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini. Injini ya petroli ikiwaka kabla ya wakati wake hurudisha hendeli nyuma kwa kishindo, na mkono ulioshika vibaya huvunjika. Landrova za kwanza, zilizozinduliwa mwaka 1948, bado zilikuja na tundu la hendeli kwenye bampa.

Pikapu nayo, huku kwetu, ilitengenezwa na fundi kabla haijaletwa na kiwanda. Ford walianza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu ya kiwandani mwaka 1925. Katika Kenya ya miaka hiyohiyo magari ya kazi yalikuwa yale yaliyojulikana kwa jina la boksi bodi: chesi na injini vilitoka Marekani, kisha mafundi wa hapa, wengi wao Wahindi, wakajenga juu yake sanduku la mbao la kubebea mizigo, mbwa, mahema na watu. Gari lilifika pwani likiwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kazi ya watu wenye randa na nyundo, na waliojenga bodi ndio haohao walioitwa injini iliponyamaza.

Miongoni mwao Masingasinga walijipatia sifa ya pekee. Wengi waliletwa au walijileta wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, wakiwa mafundi chuma na maseremala, na watoto wao wakahamia kwenye magari. Kiswahili kikawapa jina la kalasinga. Aliyejulikana kuliko wote alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa fundi: Joginder Singh. Kabla ya ulimwengu kumfahamu kama Simba wa Kenya, alikuwa mtu wa doria wa chama cha magari cha Afrika Mashariki, yaani kazi yake ilikuwa kuwaendea waliokwama barabarani na kuwaondoa hapo. Mtu wa namna hiyo anajua ni nini huharibika kwanza. Alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na ushindi wa kwanza aliupata pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo ambayo haikuwa mpya. Linalostaajabisha zaidi ni hesabu nyingine: katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Mbio zile zilikuwa na madereva wengi wenye kasi kuliko wenye uwezo wa kufika.

Safari yenyewe ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndani ya miaka kumi ilikuwa mtihani wa hadharani wa magari. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff. Aina ya gari ilikuwa ileile pia: Peugeot 404. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, Bert Shankland wa Dar es Salaam akaichukua Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, naye pia katika 404. Mkulima aliyesimama kando ya barabara na kuona magari yanazama kwenye tope la Pasaka hakuhitaji tangazo la redioni. Alipopata fedha ya kahawa au pareto alijua anataka nini, na kama alitaka cha kubebea mzigo, 404 ilikuwa pia na umbo la pikapu.

Watu wakaiita Pijo. Ni gari linalostahili kufunguliwa boneti hapa, kwa sababu hatima ya mafundi wengi ilifungamana na namna lilivyoundwa.

Injini ya 404 ya petroli, yenye sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45. Bloku yake ni chuma cha kusubu, hedi yake ni aluminiamu. Silinda hazikuchimbwa moja kwa moja ndani ya bloku. Kila silinda ni slivu, bomba la chuma linalochomekwa na kuchomolewa, na maji ya kupoza huligusa mgongoni. Kwa mhandisi wa Ufaransa huo ulikuwa uamuzi wa kiwandani. Kwa fundi wa Nakuru au Moshi ulikuwa riziki. Injini nyingi za wakati ule zikichakaa silinda, bloku ilipaswa kubebwa hadi kwenye karakana yenye mashine ya kupanua matundu, na karakana hizo zilikuwa mijini, kwa bei ya mijini. Slivu za Peugeot zilikuja sandukuni, nne, pamoja na pistoni na ringi zake. Mtu mwenye seti ya spana, nyundo ya mbao na kivuli cha mwembe aliweza kuifanya injini kuwa mpya kwa siku chache.

Lakini muundo huohuo ulikuwa na mtego. Hedi ikishafunguliwa, hakuna tena kinachozikandamiza slivu. Msaidizi asiyejua akizungusha injini ili kuangalia pistoni, slivu hupanda kidogo tu, ringi ya chini inayozuia maji huhama, na kazi yote inaharibika bila mtu kuona. Gari litaondoka vizuri, kisha baada ya siku mbili maji yatakuwa kwenye oili. Fundi aliyefundishwa huzibana slivu kwa vipande vya chuma na nati kabla hajagusa kitu kingine. Kwa tendo hilo moja mwenye gari aliweza kumpambanua fundi na mbabaishaji.

Mtego wa pili ulikuwa joto. Baadhi ya 404 zilikuwa na feni isiyozunguka muda wote. Sumaku ya umeme iliikamata pale tu maji yalipopata moto. Ni wazo zuri kwa nchi yenye baridi, linapunguza kelele na kuokoa mafuta. Waya ukikatika au sumaku ikichoka, feni husimama kimya, na pikapu yenye gunia kumi za viazi ikiwa gia ya kwanza mlimani, upepo haupo na injini inazunguka kwa nguvu zake zote. Maji yanachemka. Hedi ya aluminiamu hupinda kabla ya bloku, gasketi huungua, maji na oili huonana. Oili iliyokuwa nyeusi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo tawi la kwanza huvunjwa mtini. Mafundi wengi walimaliza mjadala kwa kuifunga feni izunguke daima.

Wakati Pijo zikijenga jina Kenya, upande wa kusini barabara moja ilikuwa ikisomesha madereva kwa ukatili. Ian Smith alipotangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalikatika, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola, kisha zikafuata lami na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya bomba hilo, kwa miaka kama mitatu, maelfu ya safari zilifanywa mahali ambapo gereji ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima. Utingo aliyerudi kutoka huko hakuwa tena mpakuaji wa mizigo.

Elimu hiyo ilihitajika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978 viliigharimu Tanzania fedha, mafuta na magari, yakiwemo malori ya raia yaliyopelekwa mpakani. Vilipokwisha, hazina haikuwa na fedha za kigeni. Spea hazikuwa anasa tena, zilikuwa ndoto. Gari likizima kwa kukosa kitu cha thamani ya shilingi chache, lingeweza kukaa juu ya mawe mwaka mzima. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na vitu adimu walivificha au kuvitupa.

Ndipo gereji za chini ya miti zilipopata heshima yake. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewachukulia mafundi wa Tanzania kama watu wenye elimu kamili na si wabahatishaji, na ushahidi wake hauko mbali. Gasketi zilikatwa kwenye karatasi ngumu ya maboksi: karatasi inalazwa juu ya chuma, nyundo ndogo inagonga pembeni taratibu hadi kingo zijikate zenyewe. Mpira wa tairi la lori, ambalo halipiti tena barabarani, ulichongwa ukawa kitako cha injini. Hedi iliyopinda ilisuguliwa juu ya kioo kilichopakwa unga wa kusagia valvu, saa nyingi, kwa mikono. Injini ya Toyota ilitiwa ndani ya Landrova, na ya Datsun ndani ya kitu ambacho hakikutambulika tena. Jijini Dar es Salaam, pikapu na vigari vilivyowekwa mabenchi mawili yanayotazamana vilibeba abiria kwa jina la chai maharage, kwa sababu waliokaa walitazamana kama wateja wa mgahawa.

Serikali nazo zilikuwa na ndoto zake. Tanzania ilianzisha kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, na kikaunda lori. Nchini Kenya, Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari, na Nyayo Pioneer ikazinduliwa mwaka 1990. Yalitengenezwa matano ya majaribio, basi. Ni vigumu kuikumbuka miradi hiyo bila kujiuliza ingekuwaje kama sehemu ndogo tu ya fedha zake ingenunua mashine za kukereza vyuma na kuziweka pale ambapo magari yalikuwa yakifufuliwa kila siku.

Pale pa Kenya palikuwa na jina tayari: jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ilisema waziwazi kwamba kazi hizi zisizo rasmi zilikuwa na tija na zisisumbuliwe. Mwaka uliofuata Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na pikapu nyingi zikavuliwa nyuma na kuvikwa bodi ya bati yenye madirisha madogo. Kila bodi ilikuwa kazi ya jua kali, na kila injini iliyobebeshwa mzigo mara mbili ya uwezo wake ilikuwa kazi ya jua kali ya kesho. Katikati ya miaka ya 1980 Moi alifika Kamukunji, Nairobi, akaona wanaofanya kazi juani, na vibanda vikaanza kujengwa.

Soko la spea la Nairobi lilitia mizizi katika barabara ya Grogan, sasa Kirinyaga. Ina mzaha wake: Ewart Grogan ni yule Mwingereza aliyejipatia sifa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kutembea Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, na barabara iliyopewa jina lake ikawa pa kwenda mtu asiyetaka kutembea. Dar es Salaam kazi hiyo ikashikwa na Gerezani na Ilala, Kampala na soko la Kisekka. Utani wa miji yote mitatu ni mmoja: ukiibiwa taa ya gari usiku, asubuhi utauziwa taa yako huko.

Dawa za njiani zimesimuliwa sana, na si zote zilikuwa dawa. Sabuni ya mche iliyofinyangwa na kubandikwa kwenye ufa wa tangi la petroli ilifanya kazi, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Ukanda wa mpira wa baiskeli ulifungwa mahali pa fenibelti na kusukuma gari hadi senta ya jirani. Kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa kwenye pampu kiliponya petroli iliyogeuka mvuke kwenye joto la Voi. Lakini yai lililopasuliwa ndani ya rejeta, ambalo wengi bado wanaliapia, liliziba tundu kwa saa moja na mishipa ya rejeta kwa maisha yake yote. Kung'oa thamostati nako, ambako mafundi wa Afrika Mashariki hukufanya kama ibada, kuliifanya injini ya Limuru au Njombe izunguke ikiwa baridi, inywe petroli na kuisaga silinda yake. Na aliyemwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka aliipasua hedi kwa mkono wake. Madereva wazee walijua: acha injini izunguke polepole, kaa kivulini, funika kifuniko cha rejeta kwa gunia lililolowa, usifungue mpaka kelele ya ndani itulie.

Ipo pia simulizi ya injini iliyonoki. Oili ikikatika, beringi ya fimbo ya pistoni huyeyuka, na mgongo wa injini hupigwa kama mlango unaobishwa na mdai. Wazee husimulia mikanda ya suruali iliyokatwa kipande na kuviringishwa mahali pa beringi. Njia iliyotegemewa zaidi ilikuwa ya ujasiri mwingine: kuvua sampu palepale chini, kuitoa nje pistoni iliyoharibika na fimbo yake, kuziba tundu la oili kwa kipande cha mti na ngozi, kisha kufunga. Gari la silinda nne likaingia mjini kwa silinda tatu, likitetemeka.

Muulize fundi aliyekulia kwenye kazi hiyo kuhusu injini iliyokufa ghafla, atacheka. Kwake hakuna ghafla. Moshi wa bluu ulianza miezi sita nyuma. Maji yalikuwa yakiongezwa kila asubuhi bila mtu kuuliza yanakwenda wapi. Kulikuwa na mlio mdogo wakati wa kupanda, na redio ikaongezwa sauti.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakamiminika kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Dubai. Kabureta ikatoweka, ikaja injini inayopimiwa petroli na kompyuta. Pikapu ya namna hiyo ikizima haina mlio wa kusikiliza wala pointi za distributa za kusugua kwa msasa. Ina taa ya njano kwenye dashibodi, na anayeweza kuisoma ni mwenye mashine ya kupimia. Vijana wa Gerezani na Kirinyaga wamenunua mashine hizo, nyingine ndogo kama kiberiti zinazozungumza na simu. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Sheria haisemi kitu juu ya umri wa magari yaliyokwisha kuwa ndani.

Peugeot 404 iliundwa Kenya hadi mwaka 1991. Mrithi wake, 504, ambayo Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, mwaka uleule ambao kanuni za Waziri John Michuki zilizilazimisha matatu kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Slivu zake bado zinauzwa, nne kwa sanduku, pamoja na pistoni na ringi.